Sonko Aliyechafua Mikono: Jinsi William Parsons Alifunza Mashine Kusugua Vioo

Ebu jaribu kusugua kitu kimoja saa 16 bila kuachilia. William Herschel, yule msee aliyegundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781, aliwahi kufanya hivyo akitengeneza kioo cha darubini, na dadake Caroline ndiye alikuwa akimtia chakula mdomoni. Enzi hizo kioo kizuri kilitoka kwa mkono, subira na siri. Herschel alikuwa akiuza darubini, hivyo mbinu zake nyingi hakuzianika.

Sasa kuja William Parsons. Alizaliwa York, Uingereza, mwaka wa 1800, mtoi wa familia ya makabaila wenye ngome pale Birr, katikati ya Ireland. Alisomea Dublin na Oxford, hesabu akaipasua vizuri, akawa mbunge kabla hata hajamaliza chuo. Mwaka wa 1841 mzae wake alipofariki, akarithi cheo na kuitwa Earl wa Rosse. Angeweza kukaa tu akihesabu doo za kodi. Badala yake alijenga tanuri na karakana kwake nyumbani, akachukua vibarua wa shambani na kuwafunza ufundi mwenyewe. Mkewe, Mary Field, aliyemuoa 1836, alikuja na mali yake na pia akapenda hizo kazi. Baadaye alikuwa mpiga picha mkali sana, wakati kamera bado ilikuwa kitu kipya.

Shida ilikuwa umbo. Kioo cha darubini si cha kujipodolea. Lazima kibonyee katikati kwa kiasi fulani, na ukikosea hata kidogo nyota inakuwa ukungu. Kwa kile kioo kikubwa cha Parsons, tofauti kati ya mbonyeo wa kawaida na ule unaotakikana ilikuwa ndogo kuliko unene wa unywele zaidi ya mara 20. Manze, mkono wa binadamu unachoka kabla ya hapo.

Kwa hivyo akaita injini ya mvuke. Kioo kililazwa ndani ya tangi la maji ili joto lisibadilike, kikawa kinazunguka polepole. Juu yake kifaa kilichopakwa lami na poda nyekundu kilienda mbele na nyuma, huku kikisogea kidogo upande. Hakichoki, hakikasiriki, na ukitaka kurudia mwendo ule ule kesho, unaurudia. Juu ya karakana kulikuwa na mnara wenye vilango vya kufunguka, na uso wa saa ukatundikwa juu kabisa. Fundi alichungulia picha ya ile saa kwenye kioo kikiwa bado mashinani. Ikiwa haijakaa fiti, kazi inaendelea.

Na hakuficha. Mwaka wa 1828 alichapisha maelezo ya mashine yake, na 1840 akaongeza mengine. William Lassell, mwenye kiwanda cha bia kule Liverpool, alienda Birr 1844 kujionea. Akarudi kwake akaunda mashine ya aina yake, na 1846 akauona Triton, mwezi wa sayari ya Neptune.

Parsons naye alikuwa akipigana na mradi wake mkubwa: kioo cha inchi 72, yaani mita 1.8, uzito kama tani 3. Kiliundwa kwa shaba na bati, mchanganyiko unaong'aa lakini unapasuka ovyo. Mwaka wa 1842 walimimina cha kwanza, kikakaa wiki 16 kwenye tanuri kikipoa. Vingine viliharibika, lakini hatimaye akabaki na viwili, kimoja kikiwa kazini huku kingine kikisuguliwa upya, maana vilikuwa vinafifia haraka.

Mwaka wa 1845 darubini ikaanza kazi. Aprili, Parsons akaona kitu kinachoitwa M51 kikiwa kimejisokota kama maji yakizama kwenye sinki. Hakuna aliyekuwa ameona umbo hilo angani. Wasee walikuja kuelewa miaka ya 1920 kwamba hizo ni galaksi nyingine kabisa.

Lakini mwaka huo huo ugonjwa ukashambulia viazi vya Ireland. Watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Tusimwoshe sana Parsons, alikuwa mwenye ardhi katika mfumo uliowabana wakulima. Ila darubini aliiacha kwa muda, na mapato mengi ya shamba yakaenda kusaidia watu wa Birr.

Alifariki 1867. Darubini yake ilibaki kubwa kuliko zote duniani hadi 1917, Marekani walipowasha ya inchi 100 kule Mount Wilson. Na mwanawe wa mwisho, Charles, aliyekulia kwenye ile karakana, ndiye mwaka wa 1884 aliunda tabo ya mvuke ya kuzalisha stima. Mashine zinazozungushwa na mvuke wa Olkaria pale Naivasha ni za ukoo huo.