Orson Welles, Aliyetoboa Sakafu

Wahenga walituasa tusione vyaelea, vimeundwa. Methali hii niliielewa barabara nilipotazama filamu ya Citizen Kane, iliyotolewa mwaka wa 1941. Ndiyo sababu nawasimulia habari za mwundaji wake, Orson Welles.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1915 mjini Kenosha, Marekani. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka 9 tu, na babake naye akaaga kabla kijana hajatimiza 16. Shuleni mwao, shule ya bweni, ndiye aliyekuwa akiongoza michezo ya kuigiza, kama sisi tu! Mwaka wa 1936 aliongoza Macbeth ya Shakespeare huko Harlem, New York, kwa waigizaji weusi watupu. Hapo hata miaka 21 hajafika.

Citizen Kane aliiongoza akiwa na miaka 25, na yeye mwenyewe akamwigiza Kane, tajiri wa magazeti. Sasa sikilizeni ujanja. Kane ameshindwa katika uchaguzi. Welles na mpiga picha wake, Gregg Toland, wakatoboa sakafu ya studio, kamera ikawekwa chini kabisa. Basi sisi watazamaji tunamwangalia Kane kama mtoto anavyomwangalia mtu mzima. Jamani, nilijikuta nikimwogopa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanguka! Halafu nikaiona dari juu yake, imemwinamia kama kifuniko cha sanduku. Kumbe kamera iliyomkuza ndiyo hiyo hiyo iliyomfungia.

Susan, mke wake wa pili, tunamchungulia kutoka juu, kupitia paa la kioo. Yuko peke yake mezani, mdogo, amejiinamia. Nilimhurumia kabla hajasema neno.

Filamu hiyo iliteuliwa kwa tuzo 9 za Oscar, ikapata moja tu, ya uandishi. Filamu iliyofuata, The Magnificent Ambersons ya 1942, ilikatwakatwa na wenye studio yeye akiwa Brazil. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1985, akiwa na miaka 70.

Tangu niitazame filamu ile, kila nionapo bango la mgombea aliyepigwa picha kutoka chini, husimama nikajiuliza: ukubwa huu ni wake kweli, au ni wa kamera iliyopiga magoti? Nanyi wenzangu, jiulizeni.