Marcel Lihau, zuzi mwenye alikataa azabu ya wanafunzi

Uliza mwanafunzi yeyote hapa Bunia, awe wa UNIBU, wa ISP ao wa Université Shalom, akutajie Wakongomani wakubwa wa zamani. Atataja Lumumba, Kasa-Vubu, Mobutu, pengine Tshombe. Jina la Marcel Lihau litatoka mara chache, isipokuwa kwa wale wanaosoma sheria. Na hata wao, wengi wanamujua tu kama mutu wa katiba. Leo tunataka kumueleza kwa upande mwingine: ule wa mukubwa wa mahakama mwenye alipoteza kiti chake juu ya wanafunzi.

Tunaleta jina hili sasa kwa sababu mu Ituri mazungumuzo juu ya usalama wa wanafunzi hayaishi. Tangu mwisho wa mwaka wa 2017, vita ilipowaka tena mu Djugu, kisha mu Irumu na Mambasa, kuko vijana wengi wanaosoma Bunia huku wazazi wao wako mu kambi za wakimbizi, wengine hapa hapa mujini, kama pale Kigonze. Shamba limeachwa, ngombe wameibiwa, minervale itatoka wapi? Wakati wa likizo, njia ya kurudi nyumbani ni ya hatari. Tena, tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, état de siège ilipoanza, kesi za azabu za raia zilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwanafunzi naye ni raia. Basi kuko maulizo mbili: nani anamusaidia mwanafunzi apate kusoma, na nani anamulinda siku serkali inapomukasirikia? Maisha ya Lihau yanagusa yote mbili.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka wa 1931 kule Bumba, muji wa kando ya muto Kongo, chini ya Kisangani. Siku ya leo Bumba iko mu jimbo la Mongala. Alikuwa mutoto wa kwanza kati ya watoto 8. Mobutu alizaliwa mwaka mumoja mbele yake, kule Lisala, si mbali. Watu hao wawili wa mukoa mumoja watakutana tena mbele mu hadisi hii, na si kwa wema.

Wakati wa Wabelgiji, mutoto mweusi mwenye akili alikuwa na njia moja tu ya kusoma sana: seminari. Lihau alipita huko, kisha akaenda kusoma kwa Wajezuiti wa Kisantu, mambo ya utawala na ya siasa. Kusoma sheria, hapana. Wakubwa wa koloni hawakutaka Mukongomani asome sheria, na si vigumu kuelewa sababu: mutu mwenye kujua sheria anaweza kuuliza kwa sheria gani wewe unamutawala.

Kati ya waalimu wake kulikuwa Mujezuiti mumoja, Willy De Craemer, mutu wa sosiolojia. Huyo alikata shauri kwamba Lihau ataenda Louvain, Ubelgiji, na kwamba atasoma sheria. Mulango ulikuwa umefungwa kwa namna mbili. Kwanza, ile desturi ya koloni. Pili, mutihani wa kuingia, wenye ulidai Kilatini na Kigiriki kama vile vijana wa Ubelgiji walivyofundishwa tangu utoto. De Craemer na wenzake hawakuomba Louvain ipunguze kipimo. Walikaa na kijana, wakamufundisha yale yaliyokosekana, mpaka akapita. Akakuwa mumoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria.

Tukae kidogo hapo. Mara mingi tunapozungumuza juu ya kumusaidia mwanafunzi mwenye magumu, watu wanafikiri ni kumupa pointi za bure. Kwa Lihau haikukuwa hivyo. Mutihani ulibaki ule ule; kilichobadilika ni kwamba kulikuwa watu waliotoa saa zao, vitabu vyao na jina lao kusudi afike kwenye meza ya mutihani akiwa tayari kama wengine. Mwanafunzi mwenye alikosa miezi mbili ya masomo kwa sababu kijiji chao kiliungua, anahitaji kitu cha namna hiyo: mwalimu wa kumurudilia masomo, tarehe ingine ya mutihani, minervale ya kulipa kidogo kidogo. Lakini tena, ile ya De Craemer ilikuwa bahati. Wangapi Kisantu walikuwa na akili sawa na Lihau na hawakupata mutu wa kuwashika mukono? Hakuna mwenye aliwahesabu.

Kule Ubelgiji, Lihau hakufunga mudomo. Mwanzo wa mwaka wa 1960, wakubwa wa vyama vya Kongo walipofika Brussels kwa Meza ya Mviringo, walikuja wamegawanyika. Wanafunzi Wakongomani wa kule, na Lihau kati yao, waliwasukuma waungane wakuwe kundi moja mbele ya Wabelgiji. Wakaungana, na uhuru ukapewa tarehe: 30 mwezi wa 6, mwaka ule ule. Nyuma ya uhuru alitumika kidogo mu mambo ya haki ya serkali mupya, kisha mwaka wa 1963 akakuwa daktari wa sheria na dekano wa fakilte ya sheria ya Lovanium, ile iniversite ya kilimani mu Kinshasa. Ni yeye Mukongomani, akiongoza masomo yenye miaka 10 mbele Mukongomani hakuruhusiwa kusoma.

Mambo ya katiba tutapita mbio, juu yameandikwa mara mingi. Mwaka wa 1964 alisaidia kutayarisha katiba ya Luluabourg, ile iliyopitishwa na kura ya raia na kuipa inchi jina la République Démocratique du Congo. Huku kwetu wakati ule Wasimba walikuwa wanakamata muji kwa muji, hata Bunia. Alitia mukono tena mu katiba ya 1967. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1964 alioa Sophie Kanza, na mama huyo hatuwezi kumupita mbio.

Sophie Kanza alikuwa mwanamuke Mukongomani wa kwanza kupata diplome ya iniversite, mu sosiolojia, pale Lovanium, mwaka ule ule wa 1964. Fikiria: iniversite iliyofunguliwa 1954, na inafika miaka 10 mbele musichana mumoja wa inchi atoke na diplome. Mwaka wa 1966 akakuwa mwanamuke wa kwanza kuingia mu serkali ya Kongo, kama minisitiri wa mambo ya jamii. Walizaa wasichana 6. Nyuma ya miaka mingi waliachana. Mwaka wa 1998 ajali ya gari ilimulemaza, akabaki mu kiti cha magurudumu, na nguvu zake za mwisho alizitia mu kutetea watu wenye ulemavu. Wenye wanajenga majumba ya masomo yenye ngazi tupu wangefaa kumukumbuka mama huyo.

Mwaka wa 1968, Lihau aliwekwa kuwa Mukubwa wa Kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki, yaani wa kwanza kukalia kiti hicho tangu mahakama ile iliundwa. Mobutu njo alikuwa anatawala.

Hapa tusimupake rangi nzuri tu. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka wa 1969, wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani mu Kinshasa. Walidai burse, ile feza ya serkali ya kuishi na kusoma, iongezwe, na wao wenyewe wapewe sauti mu kuongoza iniversite. Waliombea ugali na meza ya mazungumuzo, kusema kweli. Askari waliwapiga risasi. Hesabu ya wafu mpaka leo ni ya kubishana. Serkali ilitaja wachache, wanafunzi wakasema makumi. Wengine walikamatwa wakapewa miaka mingi ya gereza. Mwaka wa 1971, wenzao walipotaka kukumbuka wafu wale, Mobutu alifunga Lovanium na kuingiza wanafunzi mu jeshi kwa nguvu. Mu mwezi wa 8 mwaka ule, iniversite zote tatu za inchi, ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ya Kisangani, ziliunganishwa kuwa moja, UNAZA, chini ya mukono wa serkali. Mu miaka hiyo yote Lihau alibaki mu kiti chake cha mahakama, na siku ile ya 1969 bibi yake alikuwa mu serkali. Hakuwa mutu wa inje akitupa mawe. Alikuwa ndani ya nyumba.

Ndiyo maana mwaka wa 1975 una uzito. Mu mwezi wa 6, wanafunzi wenye waliandamana walikuwa wamekatiwa azabu kali, na ilitakiwa mukubwa wa mahakama aitumikishe. Lihau alikataa. Hakukuwa na jeshi nyuma yake wala chama. Chama kilikuwa kimoja tu mu inchi, cha Mobutu. Alikuwa na sheria, na neno hapana. Mobutu alimuondoa palepale, akamufungia mu nyumba yake.

Mu katiba ya leo, ile ya 2006, kifungu cha 150 kinasema zuzi wa mahakama haondolewi kiti chake hivi hivi, na kifungu cha 151 kinakataza serkali kumuamuru zuzi namna ya kukata kesi. Ni maneno mazuri, na yalikuja miaka 31 nyuma ya kuondolewa kwa Lihau. Lakini kifungu cha 156 kinaruhusu, wakati wa état de siège, kesi za raia ziende kwa mahakama ya kijeshi. Zuzi wa kijeshi ana cheo, na juu ya cheo chake kuna cheo. Mwanafunzi wa Bunia mwenye ameshikwa mu maandamano juu ya usalama wa Djugu anapelekwa mbele ya zuzi wa namna gani, hilo si jambo la wanasheria peke yao. Wakubwa wa iniversite nao linawahusu: kuko wenye kutuma mutu akaulize mwanafunzi wao amefungiwa wapi, na kuko wenye kungojea kesi iishe kwanza.

Nyuma ya 1975 Lihau hakurudi tena kwa Mobutu. Tarehe 15 mwezi wa 2 mwaka wa 1982 alikuwa kati ya wenye kuanzisha UDPS, wakati kuanzisha chama cha pili kulikuwa kosa. Alikamatwa, akakatazwa siasa. Mwaka wa 1985, akiogopa kuuawa, alikimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba ku Harvard. Kwa hiyo wanafunzi wa kule walipata mwalimu mwenye wetu walinyimwa.

Mwaka wa 1990 Mobutu alitangaza kwamba vyama vingi vinaruhusiwa, na Lihau akarudi kuzungumuzia mabadiliko. Mwaka ule ule, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa 5, ku iniversite ya Lubumbashi, watu wenye silaha waliingia mu nyumba za kulala za wanafunzi na kuwashambulia. Hesabu ya wafu, hapo tena, ni ya kubishana. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu Lovanium, na kitanda cha mwanafunzi hakikuwa na usalama kuliko barabara.

Lihau alirudia Marekani kwa matunzo ya hospitali. Alikufa huko, Boston, tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 1999, akiwa na miaka 67. Sophie Kanza alikuwa amekufa tarehe 2, juma moja mbele yake.