Mjukuu wa Mtume aliyezaliwa Habasha

Miezi miwili iliyopita Allah (SW) alituruzuku mtoto hapa Dar es Salaam, ninakofundisha dini. Mama yangu, aliyeko Mugumu, Serengeti, na mama mkwe wangu wa Tarime hupiga simu kila jioni wapate kusikia tu sauti yake. Nakiri nilianza kuona ni usumbufu, hadi nilipowasomesha wanafunzi wangu maisha ya Bi Ruqayya (RA), binti wa Mtume (SAW).

Mwaka 615, mateso ya Makureishi yalipozidi, yeye na mumewe, Sayyidna Uthman (RA), walitoka Makka wakavuka bahari hadi Habasha. Imesimuliwa kuwa Mtume (SAW) alikuwa akitoka kuulizia habari zao, mpaka mwanamke mmoja alipomweleza kwamba amewaona njiani. Huko ugenini ndiko alikozaliwa mjukuu wake, Abdallah. Hapakuwa na simu wala picha.

Baadaye walirejea Makka, kisha wakahamia Madina. Bi Ruqayya alifariki mwaka wa 2 Hijria, siku za vita vya Badr. Abdallah naye alifariki mwaka wa 4, akiwa na umri wa miaka sita hivi. Babu na mjukuu hawakupewa muda mrefu.

Ndugu Waislamu, kumkutanisha mtoto na bibi na babu zake ni katika kuunga udugu. Jioni ile nilipiga simu mimi mwenyewe, nikaisogeza kwa mtoto. Mama alimwombea dua ndefu. Nauli ya Mugumu nimeshaanza kuiweka.