N. K. Panikkar, Bingwa wa Bahari ya Hindi

Leo nawaletea Mhindi aliyeichunguza bahari hii hii inayopiga ufuo wa Mombasa.

Panikkar alizaliwa mwaka wa 1913 katika sehemu iitwayo leo Kerala, kusini mwa India. Alisomea Madras, kisha akaenda Uingereza. Huko alichunguza kamba, yaani yule wa kuliwa, si ile ya kufungia mbuzi! Je, mbona kamba wengine huishi kwenye maji ya chumvi na pia pale yanapochanganyika na ya mto, wala hawafi? Mwaka wa 1941 alieleza jinsi miili yao inavyosawazisha chumvi iliyo katika damu.

Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado! Kufikia 1965, meli zipatazo 40 za mataifa mbalimbali zilikuwa zimeichunguza Bahari ya Hindi, naye Panikkar akaongoza kazi ya upande wa India. Viumbe wadogo waliovuliwa na meli hizo walipelekwa Cochin, huko huko India, wakachambuliwa katika kituo kilichofunguliwa mwaka wa 1962. Mwaka wa 1966 ikaanzishwa taasisi ya taifa ya elimu ya bahari, ambayo makao yake yako Goa. Yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Alifariki mwaka wa 1977.

Mimi kinachonifurahisha ni kwamba elimu ya ng'ambo aliirudisha kwao, ikazaa kituo na taasisi. Wenzangu tunaoota kusoma ng'ambo, tukumbuke: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.