Koitalel Samoei: Msee Aliyepinga Reli Miaka 10, Kisha Salamu Moja Ikammaliza

Kama umewahi panda mathree ya Eldoret–Kapsabet, ushapita jina lake bila kushtuka. Pale Mosoriot kuna chuo kinaitwa Koitaleel Samoei. Wengi wetu tunajua ni mahali beste fulani anasomea, basi. Lakini huyu mzee ndiye sababu mojawapo kwa nini hii 64 yetu ipo vile ipo. Ngoja nikupe stori.

Koitalel arap Samoei alikuwa Orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot si chifu wa kupewa kofia na serikali. Ni mtu wa ukoo wa Talai, anayebariki vita, anayesoma ishara, na vijana hawatoki kwenda vitani kabla aseme sawa. Hiyo kazi pia ilikuwa na risk yake. Babake, Kimnyole arap Turukat, aliuawa 1890 kwa kupigwa rungu na watu wake mwenyewe, baada ya magonjwa ya ng'ombe na vita kwenda mrama. Kabla afe, inasemekana aliona nyoka wa chuma akitoka ziwani moja hadi lingine, akitema moshi na moto, na wageni weupe nyuma yake.

Kurithi kiti pia kulileta noma. Nduguye Kipchomber arap Koilegen alienda kwa Wakipsigis, Koitalel akabaki na Wanandi.

Sasa, 1895 mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Peter West akauawa Nandi, na serikali ya kikoloni ikatuma jeshi. Walidhani ni kazi ya wiki chache. Ilichukua hadi 1905! Walituma msafara baada ya msafara, na kila mara Wanandi walikuwa wanajificha msituni, wanapiga usiku, wanapotea. Nyaya za simu ziligeuzwa bangili na mikufu, vyuma vya reli vikageuzwa silaha. Yaani mzungu anajenga mchana, vijana wanakuja kujichukulia materials usiku. Reli ilifika Kisumu 1901, ndio, lakini kulala usingizi kwenye hiyo laini ilikuwa ngumu.

Ndipo akaja Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi. Huyu alishika wazo moja: ukimtoa Koitalel, vita vimeisha. Akatuma ujumbe kwamba anataka waongee amani. Siku ikawekwa, 19 Oktoba 1905, mahali ni Ket Parak, pale Nandi Hills.

Koitalel alienda. Hapa ndipo mimi huwa nakwama. Alikuwa ameongoza vita miaka kumi, na anajua hawa watu. Lakini kwa Wanandi, mtu aliyekuja kwa amani hamguswi, hiyo ni sheria nzito. Kulingana na simulizi za wazee, alikuja na nyasi mkononi, ishara ya amani. Mzungu akanyoosha mkono wa salamu, na hapo hapo risasi zikalia. Askari walikuwa wamejificha karibu. Koitalel akaanguka, pamoja na wenzake zaidi ya 20.

Meinertzhagen alidai yeye ndiye aliyetegewa mtego. Wakubwa wake walimchunguza, wakamwondolea lawama, lakini 1906 akatolewa Kenya. Na huyu si mtu wa kuamini neno lake hivi hivi. Baadaye ilijulikana kuwa aliiba ndege waliokaushwa kwenye makavazi huko Uingereza na kudanganya kwenye lebo zao. Hadi leo nguruwe mkubwa wa msituni ana jina lake kwenye vitabu vya sayansi.

Baada ya hapo, vita viliisha haraka. Jeshi lilichukua maelfu ya ng'ombe, likachoma maboma, likasukuma Wanandi mbali na reli. 1908 Makaburu wakafika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa mashamba Uasin Gishu. 1910 posta ikawekwa kwenye shamba nambari 64. Hiyo ndiyo Eldoret, msee. Mji wetu ulianza miaka mitano tu baada ya ile salamu.

Familia nayo haikuachwa. Mwanawe Barsirian arap Manyei alikamatwa 1923 na kuzuiliwa karibu miaka 40, kuliko mfungwa yeyote wa kisiasa Kenya. Watu wa Talai walihamishwa hadi Gwassi, kule ng'ambo ya Nyanza, mwaka wa 1934.

Leo Nandi Hills kuna kaburi lake na makavazi, katikati ya majani chai. Ukitoka Eldy asubuhi, saa ya lunch ushaona na kurudi. 2006 fimbo zake tatu zilirudishwa kutoka Uingereza, zilikuwa zimekaa kwa familia ya Meinertzhagen zaidi ya miaka 100. Kichwa chake, ambacho wazee wanasema kilikatwa na kupelekwa huko huko, familia bado inakidai.