Darwin na ndege waliokosa majina ya visiwa vyao

WENGI walisoma darasani kwamba Charles Darwin alifika visiwa vya Galapagos, akawaona ndege wadogo wenye midomo tofauti, na papo hapo akapata nadharia yake ya mageuzi ya viumbe. Ukweli ni kwamba ndege hao nusura wamponyoke kwa uzembe wake mwenyewe.

Darwin alizaliwa Februari 12, mwaka 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza, akiwa mtoto wa daktari. Alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, lakini hakustahimili kuona watu wakipasuliwa bila dawa ya usingizi, akaacha masomo. Kilichomfaa huko ni mafunzo ya John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Guyana. Huyo ndiye aliyemfundisha, kwa malipo, namna ya kuchuna ndege na kuhifadhi ngozi zao zisioze.

Desemba 27, mwaka 1831 Darwin aliondoka na meli ya HMS Beagle, chini ya Kapteni Robert FitzRoy, katika safari ya karibu miaka mitano. Meli hiyo ilifika Galapagos, visiwa vilivyo kiasi cha kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ecuador, Septemba 1835 na kukaa wiki tano.

Huko makamu wa gavana, Nicholas Lawson, alimweleza kuwa yeye humtambua kobe ametoka kisiwa kipi kwa kumtazama tu. Darwin hakulitilia maanani jambo hilo. Kobe waliopakiwa melini waliliwa kama kitoweo, na magamba yao, ambayo yangekuwa ushahidi, yakatupwa.

Ndege walipata bahati nusu. Wale wenye sifa ya kuiga milio ya ndege wengine aliwaandikia kisiwa cha kila mmoja, kwa kuwa aliona wanatofautiana. Lakini chiriku aliwachanganya, na baadhi yao hakuwadhani hata kidogo kuwa ni chiriku.

Januari 1837, akiwa amerejea nyumbani, aliikabidhi mizoga hiyo kwa Chama cha Zoolojia cha London. Mtaalamu wa ndege, John Gould, hakuchukua hata wiki mbili kutangaza kwamba ndege waliodhaniwa kuwa wa makundi mbalimbali walikuwa jamii moja ya chiriku, wenye spishi zaidi ya kumi ambazo hazijapata kujulikana. Machi alimweleza Darwin kuwa wale waigaji walikuwa spishi tatu, kila moja na kisiwa chake.

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo. Visiwa hivyo vinaonana kwa macho na hali yao ya hewa haitofautiani sana. Iweje kila kimoja kiwe na ndege wake, na wote wafanane na wale wa Amerika Kusini, kama si wazao wa ndege waliovuka bahari na kubadilika?

Ili kujua chiriku yupi alitoka wapi, Darwin alilazimika kuomba rekodi za FitzRoy na za mtumishi wake, Syms Covington. Mtumishi alikuwa ameandika vizuri kuliko bwana wake.

Julai mwaka huo alifungua daftari la siri kuhusu kubadilika kwa spishi. Alikaa kimya zaidi ya miaka 20, hadi barua ya Alfred Russel Wallace iliyotoka visiwa vya Indonesia ya leo ilipomfikia mwaka 1858 ikiwa na wazo lile lile. Kitabu chake kilitoka Novemba 24, mwaka 1859, na humo chiriku hawakupewa nafasi yoyote maalumu.

Darwin alifariki Aprili 19, mwaka 1882 na kuzikwa Westminster Abbey. Jina la chiriku wa Darwin lilienea baada ya kitabu cha David Lack cha mwaka 1947. Kuanzia 1973, Peter na Rosemary Grant waliwapima ndege hao katika kisiwa cha Daphne Major, ambacho Darwin hakukikanyaga. Ukame wa mwaka 1977 ulipoua wengi, waliosalia zaidi ni wenye midomo mikubwa, walioweza kupasua mbegu ngumu.