Rashidi Kawawa: Mwigizaji wa vichekesho aliyekabidhiwa nchi

ABIRIA anayepanda daladala kutoka Mwenge kwenda Ilala kwa njia ya Morocco hupita katika Barabara ya Kawawa. Anayekwenda upande wa pili, akaipita kambi ya Lugalo na kufika Tegeta, kisha akaiacha Barabara ya Bagamoyo kuelekea Madale, hufika katika eneo alikozikwa mwenye jina hilo.

Wengi wa abiria hao wanamfahamu Hayati Rashidi Mfaume Kawawa kuwa ni Waziri Mkuu wa zamani. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuitwa Simba wa Vita, kiongozi huyo alikuwa mwigizaji wa sinema za kuchekesha.

Mikocheni, jirani kabisa na Mwenge, ndiko ziliko studio za televisheni ambako katika miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy lilijipatia umaarufu kwa kuiga sauti, mavazi na mwendo wa viongozi. Watazamaji walicheka kwa kuwa walimwona mchekeshaji akijifanya mkubwa wa Serikali. Nusu karne kabla ya kundi hilo, Tanganyika ilishuhudia kinyume chake, pale mtu aliyewachekesha wananchi kwenye pazia la sinema alipokuwa mkubwa wa Serikali kwelikweli.

Dunia humtaja Ronald Reagan, mwigizaji wa filamu aliyeapishwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1981. Humtaja pia Volodymyr Zelensky wa kundi la vichekesho la Kvartal 95, aliyeingia Ikulu ya Ukraine mwaka 2019. Kawawa aliwatangulia wote wawili. Alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 35.

Kawawa alizaliwa Mei 27, 1926, katika Wilaya ya Songea, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mfaume Kawawa, aliyekuwa mwindaji wa tembo. Baada ya shule ya msingi alisoma Dar es Salaam, na hatimaye akapelekwa katika shule ya Serikali ya Tabora, ambayo katika miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa vijana wengi wa kwenda Chuo cha Makerere, Uganda.

Wasifu wake husimulia kwamba njia ya Makerere ilikuwa wazi kwake pia, lakini hakuifuata. Aliamua kutafuta kazi ili apate fedha za kuwasomesha wadogo zake. Akaajiriwa kuwa karani serikalini, na baadaye akahamia katika idara ya ustawi na maendeleo ya jamii, ambako alishughulika na elimu ya watu wazima.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha mbele ya kamera. Wakoloni walikuwa wametambua mapema kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kwa picha zinazotembea. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika jaribio la kwanza la namna hiyo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ambako zilitengenezwa filamu fupi za mafunzo kwa ajili ya Waafrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika ilirudia jaribio hilo kwa sura mpya. Safari hii ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa lugha ya Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika na vituko vya kuwafurahisha watu. Mafunzo yalibaki, lakini yalifunikwa na kicheko, kama dawa chungu inavyotiwa asali.

Kijana Kawawa alipewa nafasi ya mbele. Aliigiza katika Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Mgeni Mwema. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1952, ndiyo inayotajwa zaidi. Ni hadithi ya kuchekesha ya mtu wa shamba anayefika mjini na kukutana na ulaghai wa mji.

Filamu za aina hiyo hazikuwasubiri watazamaji mjini peke yake. Magari ya sinema ya Serikali yalizifikisha vijijini, yakiwa na mashine ya kuonyeshea na kipaza sauti, na usiku ulipoingia watu walikusanyika uwanjani. Hivyo sura ya Kawawa na sauti yake zikafahamika kwa watu wa kawaida kabla ya siasa kumfahamu.

Mtu anayechekwa na umma hupata mafunzo yasiyopatikana darasani. Hujifunza kusema ili asikike na aliye nyuma kabisa, na hujua kwamba mkutano ukichoka kosa ni la msemaji. La tatu ni kubwa zaidi, nalo ni kwamba jukwaa si mali yake. Sehemu yake ikiisha hutoka, akampisha mwingine. Maisha ya Kawawa yaliyofuata yalikuwa kana kwamba somo hilo hakulisahau.

Kutoka kwenye vichekesho alihamishiwa mahali pasipo na kicheko. Mwaka 1953, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, alipelekwa Urambo, magharibi mwa nchi, kuhudumia Wakikuyu waliokuwa wamewekwa kizuizini. Ofisa wa ustawi wa jamii mwenye kipaji cha kuchekesha akawa anaishi miongoni mwa watu walionyimwa uhuru wao.

Katika miaka hiyo watumishi wa Serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Chama cha TANU kilipoanzishwa Julai 7, 1954, karani wa Serikali hakuweza kuwa mwanachama bila kuihatarisha ajira yake. Kawawa alipitia mlango uliokuwa wazi, ambao ni ule wa vyama vya wafanyakazi. Alikuwa kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na mwaka 1955 liliposimamishwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza.

Mwaka 1956 aliacha kazi ya Serikali ili aitumikie TFL. Alifanya hivyo akiwa na mke, Bi Sofia, na ndugu waliokuwa wakimtegemea. Mwaka uliofuata aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akawa mmoja wa mawaziri wa mwanzo, akishughulikia Serikali za Mitaa.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Wiki sita baadaye, Januari 22, 1962, Mwalimu Julius Nyerere aliishangaza nchi kwa kujiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaijenge TANU, na nafasi hiyo ikakabidhiwa kwa Kawawa. Kwa muda wa miezi kumi na zaidi, mhusika wa Muhogo Mchungu ndiye aliyeongoza Serikali ya nchi huru.

Wapo waliodhani kwamba aliyekwisha kuonja madaraka hatayaachia. Desemba 9, 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais, Kawawa aliteremka na kuwa Makamu wa Rais. Hakukuwa na mvutano, wala kundi lililojitenga kwa jina lake. Katika Afrika ya miaka hiyo, ambamo majeshi na wanasiasa walianza kunyang'anyana viti, jambo hilo halikuwa dogo.

Hata hivyo, utawala wake haukuwa wa kuwafurahisha watu wote. Ni katika mwaka huohuo wa 1962 ambapo Serikali aliyoiongoza ilipitisha sheria zilizobana haki ya wafanyakazi kugoma, na sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Viongozi wa wafanyakazi waliokuwa wenzake waliona kwamba mlango aliopitia yeye unafungwa nyuma yake. Kwa aliyewahi kuwahudumia mahabusu wa Urambo, sheria ya kizuizini ilikuwa uamuzi mzito, na ni sehemu ya historia yake isiyoweza kurukwa.

Gharama ya mvutano huo ilionekana mapema. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, hatua chache kutoka Mwenge, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Nyerere na Kawawa walilazimika kuvuka kwenda kujificha upande wa Kigamboni. Maasi yalizimwa Januari 25 kwa msaada wa askari wa Uingereza. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na TFL, shirikisho alilolianzisha Kawawa, likavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA.

Baada ya Muungano na Zanzibar, Aprili 26, 1964, Kawawa alikuwa Makamu wa Pili wa Rais. Akiwa katika nafasi hiyo, Januari 1967, alitoa agizo kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Lugha aliyoitumia kumchekesha mkulima uwanjani ikapewa heshima ofisini, na mkulima huyo akaweza kuandika barua kwa mkuu wa wilaya bila ya kumtafuta mkalimani.

Mwaka 1972 alirejea kuwa Waziri Mkuu. Kipindi hicho kilikuwa cha madaraka mikoani na cha Operesheni Vijiji, ambamo mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Shule, zahanati na visima viliwafikia watu wengi, lakini katika baadhi ya maeneo watu walihamishwa kwa nguvu, mashamba na nyumba zao zikaachwa nyuma. Kawawa, aliyekuwa mtekelezaji mkuu, anabeba sehemu ya sifa na sehemu ya lawama.

Februari 1977 alimpisha Edward Sokoine katika Uwaziri Mkuu, naye akachukua Wizara ya Ulinzi aliyokuwa akiiongoza Sokoine. Kwa watu wengine kushuka huko kungekuwa fedheha. Yeye alikwenda kufanya kazi, na alikuwa katika wizara hiyo wakati Tanzania ilipopigana na majeshi ya Idi Amin katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979.

Mwaka 1982 alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1990. Katika miaka hiyo mkewe, Bi Sofia Kawawa, naye aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT. Bi Sofia alitangulia mbele ya haki mwaka 1994.

Mzee Kawawa alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Desemba 31, 2009, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Madale Januari 2, 2010. Nchi ilimwaga machozi kwa ajili ya mtu ambaye kwa zaidi ya nusu karne ilimjua kwa kazi nyingi, kubwa na ndogo, za mbele na za nyuma.

Zaidi ya miaka 15 imepita tangu siku hiyo. Vijana wa Kinondoni na Temeke wanaorekodi vichekesho mitaani huambiwa mara kwa mara, hata na wazazi wao, kwamba watafute kazi ya maana. Barabara ya Kawawa, ambayo wengi wao huipita kila siku, ina jina la kijana aliyeifanya kazi hiyo, akakabidhiwa nchi, na wakati ulipofika akaikabidhi kwa mwenzake bila ya kusukumwa.